Kuhudumia AC na hita ya gari kwa usalama: kazi za kufanya mwenyewe na kazi za kumwachia fundi

Kuna ombi ninalolisikia gereji karibu kila wiki, hasa kuanzia Desemba joto la Dar es Salaam linapopamba moto: "Fundi, niongezee gesi, imeisha." Gesi ya AC haiishi. Haiungui kama petroli, wala kompresa, pampu inayoisukuma, haiili kama injini iliyochoka inavyokula oili. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mahali ni kimiminika, mahali ni mvuke, mwaka baada ya mwaka. Kiasi kinachopenya kwenye hosi za mpira ni kidogo mno. Kwa hiyo gari likipoteza baridi ndani ya miezi mitatu, gesi imetoka mahali, na anayekuongezea bila kutafuta tundu anauza gesi, hatengenezi gari lako.

Nimeandika mwongozo huu nikifikiria magari yaliyo mikononi mwa wengi wetu: Toyota zilizotumika Japani, kama IST, Premio, Probox na Noah, zinazotumia gesi ya R134a. Fungua boneti utafute kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Ukikuta kimeandikwa R1234yf, gari lako ni la kizazi kipya. Gesi hiyo inaweza kushika moto na haichanganywi na R134a hata kidogo. Na kama nyaya za rangi ya chungwa zinakwenda kwenye kompresa, soma kwanza sehemu ya haibridi, magari ya petroli na umeme, huko chini kabla ya kushika spana.

Kabla ya kushika chochote

Egesha mahali pa wazi, pa tambarare, penye upepo. Usiegeshe ndani ya banda lililofungwa, wala juu ya shimo la gereji. Injini itakuwa inaunguruma muda mrefu, na moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu akidhani amesinzia. Ndiyo hiyo inayoweza kummaliza mtu anayelala ndani ya gari lililowashwa AC huku geti la banda limefungwa. Gesi ya R134a nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini, na mtu aliye shimoni hukosa oksijeni bila kupata onyo.

Vaa miwani ya kazi na glovu. Hapa naomba unisikilize kwa makini. R134a ikiwa huru huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikikurukia inagandisha nyama papo hapo. Nikiwa bado najifunza kazi nililegeza nati ya hosi kwenye gari nililoambiwa "halina gesi". Lilikuwa nayo. Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto kiligeuka cheupe kama mshumaa, na ngozi yake hadi leo haina hisia sawasawa. Lingekuwa jicho, nisingekuwa naandika hapa. Gesi ikiingia machoni usifikiche: suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15 na uende hospitali hata kama unaona vizuri.

Injini ikiunguruma, mkanda na feni havina huruma. Vua tai, kamba ya kitambulisho na mtandio, kunja mikono ya shati. Kumbuka pia kwamba feni ya rejeta kwenye magari haya inaendeshwa na umeme, na inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, mradi ufunguo umewashwa. Ukitaka kuingiza mkono karibu nayo, ufunguo uwe mfukoni mwako, na bora zaidi uchomoe waya wa hasi wa betri.

Sigara na kuchomelea viwe mbali kabisa. R134a ikipita kwenye moto huvunjika na kutoa hewa zenye asidi zinazounguza mapafu.

Sikiliza na gusa kabla ya kununua chochote

Washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani kwenye namba ya juu kabisa, hewa izunguke ndani. Mtu mmoja akanyage mafuta kidogo, mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Sasa jiulize maswali yafuatayo kwa utaratibu.

Upepo unatoka wa kutosha? Kama ni dhaifu lakini wa baridi, shida haiko kwenye gesi kabisa. Mara nyingi ni filta ya ndani iliyojaa vumbi. Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu na namba nyingine zimekufa, rezista ya blowa, yaani ya feni ya ndani, imeungua, spea ndogo isiyohitaji kugusa gesi. Nimeona watu wakijaziwa gesi kwa matatizo haya mawili, na wakarudi wiki hiyo hiyo na lalamiko lile lile.

Klachi ya kompresa, inayoiunganisha na puli ya mkanda, inashika? Unaposhusha swichi ya AC utasikia "tak" na kuona uso wa mbele wa puli unaanza kuzunguka. Isiposhika, angalia fyuzi na rilei kwanza. Zikiwa nzima, huenda gesi imepungua mpaka swichi ya presha imekata umeme. Swichi hiyo kwenye Toyota nyingi hukata presha ikishuka chini ya kama psi 28 (psi ni kipimo cha presha), na hukata tena ikipanda kupita kama psi 455. Yupo fundi atakayekuambia aunge waya moja kwa moja ili kompresa izunguke. Mkatalie. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Pasipo gesi, oili hairudi, na kompresa inajisaga yenyewe. Unga wa chuma unasambaa kwenye mabomba yote, na bili inakuwa ya mfumo mzima.

Je, baridi ipo gari likitembea lakini inakufa kwenye foleni ya Ubungo? Hewa haipiti vizuri kwenye kondensa, inayopoza gesi: ama imejaa uchafu, ama feni yake haizunguki. Je, baridi ni nzuri dakika 20 za mwanzo, kisha inafifia, ukizima na kuwasha baada ya muda inarudi? Hapo kuna unyevu ndani, unaganda na kuwa barafu kwenye ekspansheni valvu, kitundu chembamba kinachopitisha gesi, na kuziba njia. Gari la namna hiyo halitapona kwa kuongezewa gesi hata mara kumi.

Kazi za nyumbani

Filta ya ndani kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria. Toa vitu vyote, bana kuta za kidroo kwa ndani ili kishuke, utaona kifuniko chembamba cha kuvuta. Vuta filta polepole maana majani makavu na vumbi vitaangukia kwenye blowa. Usiipulize kwa upepo wa kompresa ya gereji, karatasi yake inachanika bila wewe kuona, nunua mpya. Mshale uliochapishwa pembeni unaonyesha upepo unakoelekea, ufuate. Baadhi ya magari ya zamani utakuta nafasi ipo lakini filta haikuwekwa kamwe, weka. Anayekaa Dodoma au anayepita barabara za vumbi aibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kondensa ni ile "rejeta" ya mbele kabisa, inayopokea wadudu na tope. Injini ipoe kwanza. Tumia maji ya bomba yenye nguvu ya kawaida, ukinyunyiza kutoka upande wa injini kuelekea nje kama nafasi inaruhusu, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi yake laini kama nyasi zilizokanyagwa, na yakishalala hewa haipiti. Usitumie asidi wala dawa kali za kusafishia chuma; kondensa ni alumini na italika.

Halafu kuna bomba la kutoa maji. Dimbwi dogo chini ya gari upande wa abiria ni dalili ya afya: AC inavuta unyevu wa hewa na kuutoa nje, na kwa hewa ya pwani maji hayo ni mengi. Kama hayatoki na kapeti la abiria limelowa, bomba limeziba. Lizibue kutoka chini kwa mpira mwembamba laini. Waya unaweza kutoboa evaporeta, ile sehemu ya ndani inayotengeneza baridi, na kuifikia evaporeta ni kushusha dashibodi nzima. Fundi akilazimika kuishusha, hakikisha anachomoa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya za njano za mifuko ya hewa.

Harufu ya soksi zilizolowa ni ukungu ulioota kwenye evaporeta. Dawa ya povu inasaidia, lakini mazoea yanasaidia zaidi: dakika tatu kabla ya kufika nyumbani zima AC, acha feni ikaushe ndani.

Hita, ambayo watu wa pwani huisahau

Mtu wa Dar anaweza kumaliza miaka kumi bila kugusa kitufe chekundu. Hita ikivuja, fundi anaikata: anaunganisha hosi zake mbili kwa kipande cha bomba na safari inaendelea. Kisha siku moja mwenye gari anasafiri kwenda Mbeya au Njombe mwezi wa Julai, alfajiri kioo cha mbele kinajaa ukungu akiwa barabarani na malori yanakuja. Hita ni chombo cha usalama. Kioo kinakauka haraka zaidi ukiwasha AC na joto kwa pamoja, hewa ikitoka nje na si ya kuzungushwa ndani: AC inakausha hewa, hita inaipasha.

Hita inafanya kazi kwa maji ya moto ya injini yanayopita kwenye rejeta ndogo ndani ya dashibodi. Hivyo kila unachofanya kwenye rejeta kubwa kinaigusa. Kutumia maji ya kisima au ya bomba peke yake kunaleta kutu na magamba, na mirija ya hita ndiyo huziba mapema kwa kuwa ni myembamba. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) halisi ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, ukichanganya na maji yaliyochujwa madini kama haikuja imechanganywa tayari.

Kuipima: injini ikiwa moto, weka joto la mwisho, gusa kwa tahadhari hosi mbili zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabati la abiria. Zote mbili zinapaswa kuwa moto. Moja ikiwa moto na nyingine ya vuguvugu, kuna kuziba, kuna hewa imenasa, au valvu ya hita haifunguki. Zote zikiwa baridi na injini haipandi joto, angalia themostati, valvu inayoongoza joto la maji ya injini.

Kuisuuza kunafanywa injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta ya moto kisifunguliwe kwa sababu yoyote. Maji yale yako chini ya presha na joto lake limepita nyuzi 100, ukilegeza tu yanalipuka kuwa mvuke usoni. Kesho asubuhi, tega beseni, legeza hosi zote mbili za hita, ingiza maji ya bomba ya mkondo wa polepole kupitia hosi ya kutokea, yaende kinyume na njia yake ya kawaida, mpaka yatoke meupe. Usilazimishe kwa presha, rejeta hiyo itapasuka. Rudisha hosi na kleampu mpya, jaza kulanti polepole, washa injini na hita ikiwa wazi, subiri mapovu yaishe, ongeza, na ukague tena injini ikishapoa.

Kulanti uliyoitoa usiiache kwenye beseni uani. Ina ladha tamu na ni sumu: mtoto au mbwa akiinywa, figo zinaharibika. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uandike juu yake.

Dalili za hita inayovuja ni harufu tamu ndani ya gari, utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele, na kapeti lenye unyevunyevu unaonata. Ukiona hivyo usiendelee kuongeza maji.

Na kwa wanaopandisha mlima Kitonga gari limejaa: mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC na ufungue hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini unaipa injini rejeta ya pili mpaka upate pa kuegesha.

Upande wa gesi

Hapa nakushauri umwachie fundi, lakini umsimamie. Fundi wa AC anayestahili jina hilo ana geji zenye saa mbili za kupimia presha, pampu ya vakyumu, mizani ya kielektroniki na namna ya kutafuta uvujaji. Asiyekuwa na mizani anajaza kwa kugusa bomba na kusikiliza, na gari dogo linaloingia gramu mia nne au tano haliwezi kubahatishwa. Gesi ikizidi, presha inapanda, baridi inapungua, kompresa inachoka.

Kwanza anapima. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 hadi 35 na injini kwenye mizunguko 1,500, upande wa chini, yaani wa presha ndogo, usome kama psi 20 hadi 35, upande wa juu, wa presha kubwa, kama psi 200 hadi 230. Zote mbili zikiwa chini, gesi haitoshi. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa imechoka. Asikuonyeshe kipimo gari likiwa limezimwa akakuambia gesi imejaa: injini ikipumzika, geji husoma presha inayolingana na joto la hewa, iwe ndani kuna gramu 100 au 500.

Kisha anatafuta tundu. Gesi inapotoka huacha oili, kwa hiyo vumbi lililogandamana kwenye maungio, kwenye mshono wa kondensa au mbele ya kompresa ni ushahidi. Mfumo ukiwa mtupu, unapimwa kwa naitrojeni yenye regyuleta, kama psi 150, na povu la sabuni. Oksijeni ya kuchomelea isiingizwe kamwe: ikikutana na oili chini ya presha hulipuka. Hewa ya kompresa ya matairi nayo haifai, kwa sababu inaleta unyevu, na R134a iliyochanganyika na hewa chini ya presha inaweza kuwaka.

Gesi iliyobaki ndani isifunguliwe hewani. R134a inapasha joto dunia mara 1,430 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Gramu 500 zilizoachiwa uani ni sawa na kilo 715. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 zikakubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Tafuta gereji yenye mashine ya kuinyonya, hata kama ni ya mbali kidogo.

Tundu likishazibwa, oringi (pete za mpira za maungio) zote zilizofunguliwa zinabadilishwa na kupakwa oili ya AC. Mfumo uliokaa wazi unahitaji draya, kifaa cha kufyonza unyevu, mpya. Halafu vakyumu, na hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Kazi yake ni kutoa hewa na kuchemsha unyevu: presha ikishuka sana, maji huchemka hata kwa joto la kawaida la kivulini, na mvuke wake unanyonywa. Dakika tano hazitoshi. Mimi kwa hewa ya pwani siendi chini ya dakika 45. Kisha funga valvu, zima pampu, ngoja dakika 10 huku mkiiangalia saa ya geji. Mshale ukirudi, bado kuna tundu, msijaze.

Kujaza ni kwa mizani, kwa gramu za kwenye kibandiko. Injini ikiunguruma, gesi inaingia upande wa chini tu, ikiwa mvuke, mtungi umesimama wima. Valvu ya upande wa juu ikifunguliwa wakati huo, presha ya zaidi ya psi 200 inakimbilia kwenye kopo, na kopo linapasuka mkononi mwa mtu. Kama unajaza kwa makopo madogo ya dukani, hilo ndilo kosa linalotakiwa likunyime usingizi.

Gesi bandia

Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka Vietnam na Brazil, wakafa watu watatu waliokuwa wakiyahudumia. Chanzo kilikuwa R134a bandia iliyotiwa methili kloraidi, ambayo ikikaa na alumini hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Kompresa na kondensa ya gari lako ni alumini vilevile.

Kipimo cha haraka: mtungi uliokaa kivulini saa kadhaa, hewa ikiwa nyuzi 30, usome karibu psi 97; nyuzi 25, karibu psi 82. Ukisoma 150, hiyo si R134a. Geji haitakamata kila mchanganyiko, mashine ya kutambua gesi ndiyo inayokamata, kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti na ukatae mtungi wa bei ya ajabu. Gesi ya kupikia inapoza kweli, na kwenye gari ni bomu: tundu likitokea ndani ya dashibodi, cheche ya blowa inatosha.

Haibridi: Aqua, Prius na wenzake

Kompresa yao haina mkanda, inaendeshwa na umeme wa betri kubwa. Kwenye Prius ni volti zaidi ya 200, na umeme huo unaua. Nyaya za chungwa haziguswi mpaka aliyefunzwa achomoe plagi ya usalama, avae glovu za mpira za umeme, na asubiri angalau dakika 10 mkondo uishe. Oili yake ni ND-Oil 11, isiyopitisha umeme. Ile ND-Oil 8 ya magari ya mkanda ikiingia humo, hata kidogo kupitia hosi za geji zilizotumika kwenye gari jingine, inaharibu kinga ya umeme ya kompresa na gari litakataa kuwaka. Muulize fundi kabla hajaunganisha hosi. Akishangaa swali, ondoka na gari lako.

Baada ya kazi

Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Asubuhi yenye hewa kavu utaona nyuzi 5 hadi 8. Mchana wa Februari Dar, nyuzi 10 hadi 12 ni AC nzima. Rudisha vifuniko vya valvu mbili za kujazia gesi, maana navyo huzuia uvujaji. Halafu mwambie fundi aandike kwenye kibandiko, chini ya boneti: tarehe, gramu alizoingiza, oili aliyotumia, tundu lilikuwa wapi. Baridi ikipungua tena, fundi wa pili ataanzia hapo.